Mdomo wa Mtutu: Masizi, Mdeki na Kuzorota kwa Shabaha

Sehemu ya bunduki inayoigusa risasi mwisho kabisa ni ukingo wa mdomo wa mtutu, pale matuta na mifereji ya ndani inapokomea. Ni mduara mdogo. Katika bunduki nyingi za kijeshi za leo tundu lake ni jembamba kuliko penseli. Risasi ya milimita 5.56 huupita ukingo huo kwa kasi ya takriban mita 940 kwa sekunde, na kama mifereji ya mtutu inakamilisha mzunguko mmoja kila milimita 178, risasi hutoka ikizunguka zaidi ya mara 5,000 kwa sekunde. Ikishatoka hakuna tena cha kuielekeza. Kosa inalotoka nalo ndilo itakalosafiri nalo.

Nyuma yake inafuata gesi ambayo mgandamizo wake bado ni makumi ya megapaskali, yaani mamia ya mara zaidi ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Kwa muda mfupi mno gesi hiyo huenda mbio kuliko risasi yenyewe na kuizingira. Ukingo ukiwa sawa pande zote, gesi hupenya kukizunguka kitako cha risasi kwa wakati mmoja, na nguvu za pande zote hubatilishana. Ukingo ukiwa na pengo, au umelika upande mmoja, gesi hutangulia kutokea upande huo na kukisukuma kitako kando. Risasi inaanza safari ikiyumba. Mpiga shabaha aliyelenga vizuri, akatuliza pumzi na kuvuta kifyatulio taratibu, hana namna ya kulirekebisha hilo.

Mdomo wa mtutu huzorota kwa sababu mbili zinazolishana: uchafu unaoganda, na juhudi za kuuondoa. Sababu ya kwanza anaijua kila askari aliyewahi kushika bunduki. Ya pili imejulikana kwa mafundi wa maghala ya silaha kwa zaidi ya karne moja, na bado inaendelea kuharibu mitutu.

Tuanze na uchafu wenyewe. Baruti isiyo na moshi hutengenezwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, na karibu yote hugeuka gesi inapoungua. Kinachobaki ni kidogo, lakini si kitu kimoja. Punje za baruti zimepakwa grafaiti ili zitiririke vizuri na zisikusanye umeme, na nyingi zimetiwa kemikali za kupunguza kasi ya mwako. Oksijeni iliyomo ndani ya baruti haitoshi kuiunguza kaboni yote, kwa hiyo sehemu yake hutoka kama masizi. Juu ya masizi hayo huongezeka chembe za madini ya risasi, bari na antimoni zitokazo kwenye fataki, kiwashio cha baruti, pamoja na shaba iliyokwanguliwa kutoka gamba la risasi inapojibana mtutuni.

Masizi mabichi hayana ubaya mkubwa. Ya siku moja hufutika kwa kitambaa chenye mafuta. Mambo hubadilika pale tabaka la kwanza linapoachwa likapigiwa risasi juu yake. Kila mlio huleta joto linaloweza kuzidi nyuzi 2,500 za Selsiasi, kwa muda unaopimwa kwa sehemu za elfu za sekunde, na risasi yenyewe hupita ikilikandamiza tabaka ukutani. Mafuta yaliyokuwa yamebaki huungua, vitu vyepesi huondoka kama mvuke, na kinachosalia huwa cheusi, kigumu na chenye kung'aa, sawa na ukoko unaoganda nje ya sufuria iliyopikiwa kuni kwa miaka. Halafu juu yake hupakwa shaba, na juu ya shaba masizi mengine.

Mpangilio huo wa tabaka ndio unaowadanganya watu. Dawa yenye amonia huyeyusha shaba na kukipaka kitambaa rangi ya buluu, lakini ikifika kwenye kaboni husimama. Dawa ya kulainisha kaboni nayo husimama ikifika kwenye shaba. Anayetumia moja tu ataona vitambaa vyake vikianza kutoka vyeupe na ataamini mtutu umesafika. Kitambaa cheupe kinathibitisha tu kwamba dawa iliyotumika imemaliza kazi inayoiweza. Wapiga shabaha wa mashindano walipoanza kuingiza kamera nyembamba ndani ya mitutu waliyodhani ni safi, walikuta vipande vyeusi vimeng'ang'ania kwenye pembe za mifereji, mahali ambapo brashi huteleza juu tu.

Ndani ya mtutu tabaka gumu huwa nene zaidi upande wa chemba, ambako joto ni kali kuliko kwingine. Mdomoni hali ni tofauti kidogo. Gesi inapotoka hutanuka ghafla na kupoa, na chembe ilizobeba hutua kwenye uso ulio karibu: uso wa mbele wa mdomo, na zaidi ya hapo ndani ya kifaa chochote kilichofungwa mdomoni, kiwe cha kupunguza msukumo, cha kuficha mwako au cha kuzima sauti. Masizi ya uso wa mbele, kwa mtutu wenye afya, huchora alama ya nyota yenye miale iliyolingana, kila mwale ukifuata mfereji wake. Fundi mzoefu huisoma nyota hiyo kabla hajaifuta, kwa kuwa mwale ulio mrefu au mpana kuliko wenzake humwonyesha upande ambao gesi inatangulia kutokea. Mtu anayeusugua uso huo mpaka ung'ae kama sarafu anafuta ushahidi pekee unaoonekana bila darubini, na mara nyingi anaongeza mkwaruzo ambao haukuwapo.

Vita dhidi ya uchafu wa mtutu vina historia ndefu. Baruti nyeusi ya kale, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, huacha zaidi ya nusu ya uzito wake kama vitu vigumu. Kwa gobori, ambalo risasi huingizwa kupitia mdomo ule ule inakotokea, hilo lilimaanisha kwamba kila mlio uliufanya unaofuata uwe mgumu zaidi kushindilia. Bunduki ya Enfield ya 1853 ilikabili tatizo hilo kwa karatasi ya risasi iliyopakwa mafuta, ili risasi iteleze na uchafu usikauke. Ni mafuta hayo, na uvumi kwamba yalitoka kwa ng'ombe na nguruwe, yaliyochochea uasi wa askari wa Kihindi mwaka 1857. Sababu za uasi ule zilikuwa nyingi, lakini cheche ilitoka kwenye dawa ya uchafu wa mtutu.

Mfano unaofaa zaidi kwa uchambuzi huu ni Lee-Metford, iliyokubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1888. William Metford alibuni mifereji saba yenye kina kifupi na pembe za mviringo, kusudi masizi ya baruti nyeusi yasipate pa kujificha na kitambaa kifike kila mahali. Kwa baruti ile, ubunifu wake ulikuwa sahihi kabisa. Miaka michache baadaye ikaja kodaiti, baruti isiyo na moshi, yenye uchafu mdogo na joto kali zaidi. Matuta laini ya Metford, yaliyokusudiwa kurahisisha usafi, yakalika upesi chini ya joto hilo, na kufikia 1895 Waingereza walihamia mifereji mitano yenye pembe kali iliyobuniwa kwenye kiwanda cha Enfield. Uchafu ulipungua, chuma kikaanza kuisha. Pembe kali zilizookoa mtutu dhidi ya kodaiti ndizo hizo hizo zinazohifadhi kaboni leo.

Mabadiliko hayo hayakufika kila mahali kwa wakati mmoja. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa bado na bunduki za modeli ya 1871 zenye baruti nyeusi, na moshi wake uliwafichua kila walipofyatua. Ushindi wa Tanga wa Novemba mwaka huo uliwapa Wajerumani mamia ya bunduki za kisasa na risasi laki kadhaa walizoziacha Waingereza. Kwa askari aliyebadilisha silaha, usafi pia ulibadilika. Masalio ya baruti nyeusi huyeyuka kwa maji. Masizi ya baruti mpya hayayeyuki kwa maji, ingawa maji yaliendelea kuhitajika kwa sababu nyingine, ambayo haikueleweka vizuri kwa muda mrefu.

Sababu hiyo ilikuwa chumvi. Fataki za wakati ule zilikuwa na kloreti ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, jamaa wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo hunyonya unyevu kutoka hewani na kukaa juu ya chuma. Mafuta hayaiyeyushi, bali huifunika tu. Askari aliyepaka mafuta kwa bidii na kwenda kulala alikuwa ameifungia chumvi ndani pamoja na unyevu, na kwenye hewa ya pwani, usiku mmoja ulitosha kuota kutu. Waingereza walifundishwa kumimina maji ya moto kwa mrija ndani ya mtutu. Wajerumani walileta fataki isiyo na chumvi hiyo, Sinoxid, katika miaka ya 1920. Jeshi la Marekani lilikamilisha mabadiliko baada ya Vita ya Pili ya Dunia, na risasi nyingi za kambi ya Kisovieti ziliendelea na fataki za chumvi kwa miongo mingi, zikitegemea kromu iliyopakwa ndani ya mtutu. Bunduki nyingi zilizoingia Afrika baada ya uhuru zilikuja na risasi za aina hii. Kromu ililinda ndani, lakini ukingo wa mdomo, hasa ulipokwaruzwa, ulibaki chuma kitupu.

Kisha kuna M16, bunduki ya jeshi la Marekani. Maelezo yake hupotoshwa mara kwa mara kuwa kisa cha askari wavivu. Bunduki hiyo ilijaribiwa kwa baruti ya aina moja, na mwaka 1964 jeshi likaruhusu nyingine ya punje za mviringo, iliyokuwa na kalsiamu kaboneti ya kutuliza asidi. Baruti mpya iliacha uchafu zaidi kwenye mrija wa gesi, na ikaongeza kasi ya ufyatuaji kupita kiwango kilichobuniwa, hadi karibu milio 1,000 kwa dakika. Chemba haikupakwa kromu, ingawa jeshi lenyewe lilijua faida yake tangu vita vya Pasifiki. Vifaa vya kusafishia havikutosha, na katika vikosi vingine havikuwapo, kwa kuwa ilisemekana bunduki hii haihitaji usafi mwingi. Kila uamuzi, ukitazamwa peke yake, ulikuwa na mtetezi mwenye hoja. Kwa pamoja, katika mvua na joto la Vietnam, maamuzi hayo yalifanya maganda yang'ang'anie chemba. Askari walilazimika kuingiza mdeki, ufito wa kusafishia mtutu, kupitia mdomo na kuligonga ganda litoke, wakiwa chini ya risasi, bunduki kwa bunduki.

Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza suala hilo mwaka 1967, na ripoti yake ya Oktoba ilifikia kusema kwamba kushindwa kwa maofisa kurekebisha kasoro za risasi hizo kulikaribia kuwa uzembe wa jinai. Chemba za kromu na vifaa vya usafi vilifuata. Uchafu wenyewe ulikuwa wa kawaida. Kilichoua ni mlolongo wa watu ambao kila mmoja aliamini kwamba sehemu iliyofuata ya mfumo ingeubeba.

Baada ya Vietnam funzo lililoenea lilikuwa: safisha, safisha tena. Hapo ndipo sababu ya pili ya kuzorota inapoingia, na ushahidi wake ni wa zamani zaidi kuliko M16.

Bunduki ya Lee-Enfield, waliyoibeba pia askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika vita vyote viwili vya dunia, ilisafishwa kwa kamba yenye uzito mwishoni, ikitupwa kupitia chemba na kuvutwa kitambaa kikifuata. Kamba hushika vumbi. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha mtutu. Ikivutwa kwa pembe badala ya kunyooka, kamba hiyo huukereza ukingo wa mdomo mahali pale pale, siku baada ya siku, mpaka unapata mfereji ambao hakuna mbunifu aliyeuchora. Wakaguzi wa Kiingereza waliufahamu uharibifu huo vizuri kiasi cha kuupa jina lake.

Bunduki ambazo muundo wake haukuruhusu mdeki kuingia kwa nyuma ziliumia zaidi. M1 Garand ya Marekani ni mojawapo: kila usafi ulipitia mdomoni, kwa hiyo wakaguzi walihitaji kipimo maalumu cha kupima mdomo uliolika. Ushahidi mkubwa kuliko wote, hata hivyo, uko kwenye Mosin-Nagant zilizotengenezwa upya na viwanda vya Kisovieti baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Zenyewe zilikuwa na kofia ya kuongoza mdeki katika vifaa vyake. Bado, idadi kubwa ya mitutu ilirudi ikiwa imelika mdomoni kiasi kwamba mafundi walitoboa mifereji iliyoharibika na kuiondoa kwa urefu wa sentimita kadhaa kuelekea ndani, ili risasi iachwe na chuma kizima. Kwa nje bunduki inaonekana kamili. Ukiichungulia kwa mbele ndipo unapoona tundu laini lisilo na mifereji.

Kalashnikov ilijifunza kutokana na hilo. Kifuniko cha kikopo cha vifaa vyake vya usafi kinavishwa mdomoni na kuwa mwongozo wa mdeki, ili mdeki usiguse ukingo. Ni suluhisho la bei rahisi na linafanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba kikopo ni kitu kidogo kinachopotea, na modeli zenye kitako cha chuma cha kukunja hazina hata pa kukihifadhi. Bunduki yenyewe hudumu miaka hamsini. Baada ya kikopo kupotea, mdeki huingia mtupu.

Jambo la kutisha zaidi ni namna ukaguzi unavyouendesha uharibifu huu. Kitu kinachopimwa gwaridani ni mng'aro: ofisa anaingiza kidole au kitambaa, kikitoka na weusi askari anarudishwa. Askari hapewi muda wa saa kadhaa ambao dawa ya kaboni inahitaji ili ipenye. Anapewa nusu saa na hofu. Kwa hiyo anatumia kilicho karibu: brashi ya chuma, msasa, bisibisi ya kukwangulia uso wa mdomo. Masizi yanaondoka, ukingo unaondoka pamoja nayo, na bunduki inapita. Hakuna mahali kwenye daftari la ghala panapoandikwa kwamba tangu ukaguzi ule imeanza kutawanya risasi. Itakapogundulika kwenye uwanja wa shabaha, lawama itamwangukia mpigaji.

Njia isiyoharibu inajulikana na haina siri. Kinachoiondoa kaboni ngumu ni muda zaidi ya nguvu. Dawa ya kupenya inapakwa na kuachwa ifanye kazi kwa saa nyingi, kisha brashi ya shaba nyeusi, ambayo ni laini kuliko chuma cha mtutu, hupitishwa kutoka chemba kuelekea mdomo, mdeki ukiwa ndani ya mwongozo na ukipanguswa kila unapotoka. Dawa ya shaba na dawa ya kaboni hutumiwa kwa zamu mpaka zote mbili ziishiwe na kazi. Kifaa cha mdomoni hufunguliwa na kulowekwa peke yake. Uso wa mdomo hupanguswa kwa kitambaa chenye dawa na kuachwa na kivuli cha weusi, kwa kuwa kivuli hicho hakipindishi risasi yoyote. Mikono huoshwa kabla ya chakula, maana weusi ule una madini ya risasi.

Wanaotafuta njia ya mkato wameunda hatari mpya. Miongoni mwa wenye viwambo vya kuzima sauti vya bunduki ndogo imeenea tabia ya kuviloweka kwenye mchanganyiko wa siki na hidrojeni peroksidi. Mchanganyiko huo unayeyusha madini ya risasi vizuri sana, na kinachopatikana ni asetati ya risasi, sumu inayoyeyuka majini, isiyo na rangi, ambayo haifai kumwagwa kwenye sinki wala kwenye udongo. Ukoko uliokuwa umetulia ndani ya chuma umegeuzwa kimiminika kinachoweza kuingia mwilini.

Mwelekeo wa sasa unaongeza kila sehemu ya tatizo. Mtutu wa M16 ulikuwa na milimita 508. Wa M4, toleo lake fupi, una milimita 368, kwa hiyo gesi hufika mdomoni ikiwa na mgandamizo mkubwa zaidi. Mwishoni mwa 2020 Jeshi la Wanamaji wa Marekani, Marine Corps, lilitangaza kuwapa askari wake wa miguu viwambo vya kuzima sauti kwa wingi. Aprili 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilichagua bunduki mpya ya milimita 6.8 inayokuja na kiwambo chake, ikitumia risasi ambayo mgandamizo wake ndani ya chemba unafika takriban megapaskali 550, ukilinganishwa na takriban 430 wa risasi ya 5.56. Kiwambo huokoa masikio na hupunguza mwako, na hakuna sababu ya kukipinga. Lakini kazi yake ni kuzuia gesi. Sehemu ya gesi iliyozuiwa hurudi nyuma na masizi yake hadi kwenye chemba na mitambo ya ufyatuaji, na sehemu nyingine huganda palepale, kwenye nyuzi za kukifungia na kwenye bega ambalo kiwambo hukaa juu yake.

Kaboni ya bega hilo haionekani bunduki ikiwa imefungwa. Ikiganda kwa usawa, kiwambo hung'ang'ania na kukifungua kunahitaji jiriwa. Ikiganda upande mmoja na kiwambo kikafungwa juu yake, kitakaa kimeinama. Kuinama kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, kwa kiwambo chenye urefu wa milimita 150, huhamisha tundu la mbele kwa robo ya milimita, na nafasi inayoizunguka risasi ndani ya kiwambo hupimwa kwa sehemu za milimita. Risasi inayogusa ukuta wa ndani mara moja inaweza kukipasua kiwambo usoni pa mtu aliye jirani. Kipimo cha kulitambua hilo mapema ni ufito wa chuma ulionyooka, unaoingizwa kupitia chemba na kutazamwa unavyotokea kwenye tundu la mbele. Ukaguzi wa kitambaa cheupe hauuhusishi ufito huo mahali popote.